"Wiki ijayo tunamaliza": hesabu na saikolojia ya kusubiri nyumba yako ya kwanza

Kuna sentensi moja ambayo karibu kila aliyewahi kununua nyumba mjini ameisikia: "Wiki ijayo tunamaliza." Anaisema dalali, anaisema afisa wa benki, anaisema karani wa wakili, na mara nyingi wote wanaisema kwa nia njema kabisa. Wiki ijayo inafika, kumbe kuna karatasi moja imepungua. Inayofuata, anayetakiwa kusaini yuko safarini. Inayofuata, mtandao unasumbua. Mnunuzi ambaye miezi miwili mizima alikuwa ametulia, sasa analala na simu mkononi.

Wengi wetu tunaieleza hali hii kwa maneno mawili: bahati mbaya, au uzembe. Vyote vipo, sikatai. Lakini hata kama kila ofisi ingefanya kazi sawasawa na kila mhusika angekuwa mwaminifu, ununuzi wa nyumba bado ungechelewa, na ungechelewa zaidi mwishoni kuliko mwanzoni. Sehemu kubwa ya hilo ni hesabu tu, tena hesabu ya kidato cha nne.

Halafu kuna jambo la pili ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Kuchelewa kwenyewe mara nyingi hakumuumizi mnunuzi sana. Kinachomuumiza ni maamuzi anayoyafanya akiwa katikati ya kuchelewa: kumalizia hela yote kabla ya karatasi, kulipa kodi ya miezi sita kwa hofu, kusaini kitu ambacho wiki tatu nyuma asingekisaini. Kwa hiyo makala hii inaeleza kwanza kwa nini mwisho huwa mgumu, halafu inaingia kwenye kichwa cha mtu anayesubiri.

Nitatumia mfano wa Tanzania, nyumba yenye hati, inayonunuliwa kwa mkopo wa benki. Najua wengi hujenga kidogokidogo badala ya kununua, na wengine hununua kwa fedha taslimu. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu ndio wenye mikono mingi.

Mikono mingapi hasa?

Tuanze na jambo ambalo mnunuzi wa mara ya kwanza hulisahau. Kwa ardhi iliyosajiliwa, umiliki hauhami siku unaposaini mkataba, wala siku unapolipa. Unahama pale uhamisho unaposajiliwa kwa Msajili wa Hati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua wewe ni haki ya kuimiliki kwa muda, usiozidi miaka 99, pamoja na jengo lililo juu yake. Ndiyo maana serikali imo ndani ya ununuzi wako hata kama muuzaji ni jirani yako.

Sasa hesabu mikono. Kuna upekuzi rasmi kwenye daftari la ardhi, kujua mwenye nyumba ni nani na kama kuna rehani au zuio. Kuna mkataba wa mauziano mbele ya wakili. Kuna ridhaa ya mwenza wa muuzaji, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia kimyakimya. Kama mwenye hati amefariki, kuna msimamizi wa mirathi na barua yake ya mahakama. Kuna mthamini, na tathmini yake nayo inahitaji kuidhinishwa. Kuna kodi ya pango la ardhi, ambayo muuzaji anaweza kuwa anadaiwa ya miaka kadhaa. Kuna maombi ya kibali cha uhamisho. Kuna TRA: kodi ya faida ya mauzo, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na ushuru wa stempu wa asilimia 1. Bila cheti cha TRA kuonyesha kodi ya faida imeshughulikiwa, Msajili hasajili. Kama muuzaji naye alikuwa na mkopo, benki yake lazima ifute rehani. Halafu benki yako iandikishe rehani yake, ndipo itoe hela.

Kwa haraka haraka hapo pana hatua kumi. Tuwe wakarimu na tuseme kila hatua ina uwezekano wa asilimia 90 wa kukamilika kwa wakati. Asilimia 90 ni alama nzuri. Mwanafunzi akiipata anatengenezewa sherehe. Uwezekano wa hatua zote kumi kukamilika kwa wakati ni 0.9 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, na jibu lake ni takribani 0.35. Yaani katika wanunuzi mia moja wenye mchakato mzuri namna hiyo, kama 65 watachelewa. Ukipandisha kila hatua hadi asilimia 95, bado wanaochelewa ni 40 kati ya 100.

Nimedhani hapo kwamba hatua hizi hazigusani. Kiuhalisia zinagusana, na mara nyingi huharibika kwa pamoja. Mtandao ukilala, tathmini, namba ya malipo na kibali vyote vinalala. Sikukuu mbili zikifuatana, ofisi zote zinafungwa siku zilezile. Hapo wanunuzi wachache zaidi ndio watakaochelewa, lakini watakaochelewa watachelewa sana.

Kuna kitu kingine kinachofanya ucheleweshaji ujilimbikize. Hatua inayowahi kumalizika haiwapi faida wanaofuata. Mthamini akimaliza siku nne mapema, faili linakaa mezani likisubiri zamu yake kwa anayefuata, ambaye hakulitarajia. Akichelewa siku nne, siku zote nne zinasukumwa mbele. Nafuu inapotea njiani, hasara inasafiri mpaka mwisho.

Foleni usiyoiona

Faili lako linapoingia ofisini linajiunga na foleni, na foleni zina tabia ya ajabu ambayo wanahisabati wameijua kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1909, Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu simu zinazoingia kwa kubahatisha kwenye mitambo. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa tawi zima la hisabati ya foleni.

Tuchukue mfano rahisi kuliko yote: afisa mmoja, mafaili yanaingia bila ratiba, na kila faili linamchukua wastani wa saa moja. Kama muda wake wa kazi umejaa nusu, faili lako litasubiri wastani wa saa moja kabla hajalishika. Akiwa amejaa asilimia 80, litasubiri saa 4. Asilimia 90, saa 9. Asilimia 95, saa 19, ambazo ni zaidi ya siku mbili za kazi, kwa shughuli ya saa moja! Angalia vizuri hapo mwishoni: kutoka 90 hadi 95 mzigo umeongezeka kidogo tu, lakini kusubiri kumezidi mara mbili.

Ndiyo maana mwisho wa mwezi, mkesha wa sikukuu, au Juni wakati mwaka wa fedha wa serikali unafungwa, meza ileile yenye watu walewale inaonekana kama imegoma. Wala si lazima mtu awe ameacha kazi kwenda kunywa chai. Na hapa nitamtetea kidogo karani ambaye sote tunapenda kumlaumu: ukimpigia mara tano kwa siku, unamwongezea mzigo palepale ambapo kila punje ya mzigo ina gharama kubwa.

Kosa la wiki ya kwanza, kilio cha wiki ya mwisho

Mpaka hapa nimeeleza kwa nini kunachelewa. Sijaeleza kwa nini kunachelewa mwishoni. Sababu ninayoiona mimi ni hii: ofisi za mwanzo huangalia karatasi moja moja, ofisi za mwisho ndizo zinazoziweka zote kando kwa kando.

Chukua jina. Kwenye hati muuzaji anaitwa Mohamed, kwenye kitambulisho cha NIDA ni Muhammad, kwenye cheti cha ndoa lipo jina la ukoo ambalo kwingine halipo. Wakili aliona hati, akaendelea. Benki iliona kitambulisho, ikaendelea. Mthamini aliona kiwanja. Halafu siku ya usajili mtu mmoja anazipanga zote juu ya meza na kuuliza swali ambalo lingeulizwa miezi mitatu nyuma: hawa ni watu wawili au mmoja? Sasa inatakiwa hati ya kiapo, na muuzaji amekwenda Bukoba msibani.

Kaka yangu alinunua nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kibaha, na kilichomkwamisha siku 23 ni namba ya kiwanja. Kwenye ripoti ya tathmini tarakimu mbili zilikuwa zimepishana. Ripoti hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa watu wanne, yeye akiwemo, na hakuna aliyeziona, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kazi ya kuzilinganisha na hati.

Kwa hiyo, kama kuna jioni moja tu utakayoipoteza kwa ajili ya nyumba hii, ipoteze wiki ya kwanza. Kaa na nakala zote mezani: hati, kitambulisho chako na cha muuzaji, cheti cha ndoa au talaka, risiti ya pango la ardhi, rasimu ya mkataba. Linganisha majina herufi kwa herufi, namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa wa eneo. Tathmini ikitoka, rudia. Muulize muuzaji mapema kama ana mkopo juu ya nyumba hiyo, na kama mwenza wake anajua kwamba inauzwa. Hilo swali la mwisho lina aibu kidogo, lakini liulize tu.

Fundo jingine la mwishoni ni la nani aanze. Benki haitaki kutoa hela mpaka hati iwe salama mikononi mwake. Muuzaji hataki kuachia hati mpaka aone hela. Kama wote wakisimama hapo, hakuna kitakachotokea milele. Kawaida fundo hili hufunguliwa na barua: benki inamwandikia muuzaji, au benki yake, kuahidi kwamba usajili ukikamilika itamlipa kiasi fulani. Barua hiyo ikichelewa, au maneno yake yasipomridhisha wakili wa upande wa pili, kila kitu kinasimama huku kila ofisi ikisema "kwetu tumeshamaliza". Wiki mbili kabla ya mwisho, swali lako kwa benki liwe: barua iko wapi, na upande wa pili umeisoma?

Kichwa cha mtu anayesubiri

Mwaka 1979, Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika kuhusu tabia ya binadamu kukadiria muda kwa kuutazama mpango wenyewe, badala ya kutazama mipango kama huo ilichukua muda gani huko nyuma. Mwaka 1994, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliipima tabia hiyo kwa kundi ambalo wasomaji wa ukurasa huu wanalijua vizuri: wanafunzi waliokuwa wanamalizia tasnifu. Waliulizwa watamaliza lini. Wastani wa makadirio ulikuwa kama siku 34. Muda halisi ukawa kama siku 55. Kinachochekesha, na kuhuzunisha, ni kwamba waliulizwa pia watachukua siku ngapi endapo kila kitu kitaenda vibaya kabisa. Walisema kama siku 49. Yaani hali halisi ya kawaida ilikuwa mbaya kuliko "vibaya kabisa" yao.

Na hao walikuwa wanakadiria kazi iliyokuwa mikononi mwao wenyewe. Anayekwambia "wiki ijayo" anakadiria kazi iliyo mikononi mwa wengine kumi.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kubadilisha swali. Ukimuuliza wakili "tutamaliza lini?" atautazama mpango na kukupa matumaini. Muulize hivi: "Nyumba tatu za mwisho ulizoshughulikia, kutoka mkataba mpaka usajili, kila moja ilichukua siku ngapi?" Hapo hatabiri, anakumbuka. Chukua iliyochelewa kuliko zote na uifanye ndiyo tarehe yako. Kama haikupendezi, afadhali uijue sasa.

Kuna utafiti mwingine ninaoupenda. Archy de Berker na wenzake wa University College London waliuchapisha mwaka 2016. Washiriki 45 walicheza mchezo wa kompyuta wa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka, na kila nyoka alipotokea walipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Watafiti walipima jasho, mboni za macho na walichosema washiriki wenyewe. Msongo ulikuwa juu zaidi pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu. Mtu aliyejua kwa hakika kwamba atapigwa alikuwa na nafuu kuliko yule ambaye hakujua kama atapigwa au la.

Sasa mfikirie mnunuzi wetu. Akiambiwa leo "itakuwa tarehe 30 mwezi ujao, kabla ya hapo usitegemee", atakunja uso, kisha ataendelea na maisha. Akiambiwa kila Ijumaa "labda Jumatatu", anaishi miezi miwili kwenye nusu kwa nusu. Kwa hiyo habari mbaya yenye tarehe ni zawadi, na una haki ya kuiomba: "Niambie tarehe ambayo una uhakika nayo hata kama ni mbali."

Hali hiyo ya nusu kwa nusu ndiyo inayozaa maamuzi mabaya. Mtu akichoka kutojua, anaanza kununua uhakika kwa bei yoyote. Na kila mara yupo mtu wa kumuuzia: "Malizia tu hela iliyobaki, hati itafuata." "Kuna mteja mwingine ana fedha taslimu." "Hamia kwanza, mambo ya karatasi ni ya ofisini."

Juu ya uchovu huo unaongezeka uzito wa hela iliyokwisha kutoka. Mwaka 1985, Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Ohio. Watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima wa maigizo walipewa bei tofauti bila wao kuchagua: wengine bei kamili, wengine bei ya punguzo. Maigizo yalikuwa yaleyale, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi. Hela iliyopotea ilikuwa bado inawavuta. Mnunuzi aliyekwisha kulipa malipo ya awali, ada ya wakili, ada ya tathmini na ada ya benki ana tiketi ghali sana mfukoni. Akigundua wiki ya mwisho kwamba kuna zuio kwenye hati, mawazo yake ya kwanza yatakuwa "nitaachaje sasa, nimeshafika hapa". Swali linalofaa ni jingine: kama nisingekuwa nimelipa hata shilingi, leo ningeinunua nyumba hii pamoja na zuio lake?

Andika kabla hujachoka

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa miaka mingi kwamba nia peke yake ni dhaifu, lakini nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu, "likitokea hili, nitafanya hili", ina nguvu zaidi kwa sababu uamuzi umeshafanywa kabla ya presha kuja. Kwa mnunuzi wa nyumba hii ni karatasi moja, iandikwe siku ya kusaini mkataba, ikiwezekana mbele ya mwenza au ndugu atakayekukumbusha.

Yangu ningeiandika namna hii. Nikiambiwa nimalizie hela kabla ya usajili, nitamwambia anayedai aongee na wakili wangu, na sitajibu lolote siku hiyo. Nikiambiwa kuna mteja mwingine, nitasoma kipengele cha mkataba kinachosema muuzaji akivunja atarudisha nini. (Kama kipengele hicho hakipo, mkataba haujawa tayari kusainiwa.) Tarehe ya mwisho ya mkataba ikipita, nitaomba nyongeza kwa maandishi yenye tarehe mpya, si kwa simu. Ikipita siku kadhaa bila benki kusema lolote, nitauliza kama barua yao ya kunipa mkopo bado ni hai. Hilo la mwisho watu hulisahau: barua ya mkopo ina muda wake, na ukiisha benki inaweza kutaka nyaraka za mshahara upya, hata tathmini upya. Ukiwa umebadilisha kazi katikati, au umechukua mkopo wa gari, unaweza kuanza moja.

Sasa tuje kwenye kodi, maana hapa ndipo hela inapovuja kweli. Miji yetu ina desturi ya kulipa kodi ya nyumba kwa miezi sita au mwaka mzima. Tuseme unalipa shilingi 350,000 kwa mwezi na mkataba wako unaisha tarehe 31 Agosti. Umeahidiwa funguo tarehe 20 Agosti, ukaona umepanga vizuri, una siku kumi na moja za akiba. Funguo zikaja tarehe 23 Septemba. Mwenye nyumba, ambaye hana kosa lolote, anataka miezi sita mingine: shilingi 2,100,000. Ukilipa, siku 23 za Septemba zimekugharimu zaidi ya shilingi 91,000 kila moja. Kwa bei hiyo unapata hoteli, tena si mbaya.

Mazungumzo na mwenye nyumba yana majira yake. Miezi mitatu kabla, wewe ni mpangaji mzuri unayeaga kwa heshima, na unaweza kumwambia: "Baba, nanunua nyumba, naomba tukubaliane kwamba baada ya Agosti nilipe mwezi mmoja mmoja hadi miwili, hata kwa nyongeza kidogo." Wenye nyumba wengi watakubali, kwa sababu nao wanahitaji muda wa kutafuta mpangaji. Ukienda tarehe 29 Agosti na jasho usoni, huna cha kuzungumza. Nyongeza hiyo, hata ikiwa shilingi 50,000 kwa mwezi, ihesabu kuwa ni bima, uiweke kwenye bajeti ya nyumba pamoja na ada ya wakili.

Vivyo hivyo, usimlipe fundi wa rangi malipo ya awali, usihamishe shule ya mtoto katikati ya muhula, usiuze friji kwa sababu ile nyumba ina jiko kubwa, mpaka usajili ukamilike. Kuhamia mapema kwa hisani ya muuzaji kunapendeza, lakini ukianza kubomoa na kujenga kwenye jengo ambalo bado si lako kisheria, umejinyima uwezo wa kuondoka.

Kuhusu siku zenyewe za kusubiri, kuna mtafiti anaitwa Kate Sweeny, wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, ambaye amewafuatilia wahitimu wa sheria wakisubiri matokeo ya mtihani wa uwakili wa California kwa miezi minne. Juhudi zao za kujilazimisha wasiwe na wasiwasi hazikusaidia sana. Katika tafiti zake za baadaye, kilichoonekana kusaidia ni shughuli inayokumeza kabisa, ile ambayo ukishtuka unakuta saa mbili zimepita. Kwa hiyo ukiambiwa "tulia tu", puuza. Tafuta mchezo, bustani, msimbo wa programu, kwaya, chochote kinachokudai akili yote. Na simu za kufuatilia zipangie siku: Jumanne na Ijumaa asubuhi, mtu mmoja katika familia ndiye anayepiga, na anaandika alichoambiwa, na nani, tarehe ngapi. Daftari hilo lina kazi mbili. Linapunguza simu za saa tano usiku, na siku mambo yakiwa mabaya ndilo wakili wako atakaloliomba kwanza.

Jina lako likishaandikwa, omba upekuzi mwingine, safari hii kuona jina lako mwenyewe na kuhakikisha hakuna kilichoingizwa katikati. Siku ya funguo piga picha mita ya maji na mita ya umeme, na ununue LUKU kidogo palepale mbele ya muuzaji: siku hizi kodi ya jengo inakatwa humo, na kama kuna deni la nyuma utaliona kwenye risiti wakati yeye bado amesimama hapo.